William Sheppard, mchungaji aliyehesabu mikono



Lubumbashi ina familia nyingi ambazo babu zao walitoka Kasai. Ukiwauliza wazee wao imani ya Kiprotestanti iliwafikiaje, wengi watakutajia Luebo, misioni ya zamani ya Wapresbiteri. Lakini si wengi wanaojua kwamba mmoja wa wachungaji wawili walioianzisha Luebo alikuwa mtu mweusi, mtoto wa kinyozi, kutoka Marekani. Jina lake ni William Henry Sheppard. Mimi mwenyewe, katika shule ya theolojia, nilimsikia kwa dakika chache tu, kisha mwalimu akaendelea na wengine. Leo nataka kuyasimulia maisha yake yote, pamoja na ile sehemu ambayo Kanisa lake halikupenda kuisema. Nina sababu yangu, nayo mtaiona mwishoni.

Mtoto wa kinyozi

Sheppard alizaliwa tarehe 8 Machi 1865 katika mji mdogo wa Waynesboro, jimbo la Virginia. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa karibu kwisha, na kabla ya mwaka huo kumalizika utumwa ukafutwa katika Marekani yote. Mama yake alikuwa amezaliwa huru. Baba yake alikuwa kinyozi, na pia alilitunza jengo la kanisa la Wapresbiteri weupe: kufagia, kufungua milango, kupiga kengele.

Kijana huyo alipelekwa Hampton, shule iliyoanzishwa kwa ajili ya watu waliotoka utumwani. Alifanya kazi mchana na kusoma usiku, na mmoja wa walimu wake alikuwa Booker T. Washington, aliyekuja kuwa mtu mashuhuri kati ya Wamarekani weusi. Kutoka huko akaenda kusoma theolojia Tuscaloosa, Alabama, akabarikiwa kuwa mchungaji mwaka 1888, akatumika Atlanta.

Tukumbuke ni miaka gani hiyo. Watu weusi walikuwa wamepata uhuru, haki ya kupiga kura na shule. Sasa wakubwa weupe wa majimbo ya kusini walikuwa wakiwanyang'anya vitu hivyo kimoja kimoja. Treni zilitenganishwa, shule zilitenganishwa, na mwaka 1896 Mahakama Kuu ya nchi ikasema kutenganisha huko ni halali. Watu weusi waliuawa na makundi ya watu hadharani, na mara nyingi hakuna aliyepelekwa mahakamani. Makanisa nayo yalifuata mstari huo huo. Watu walimwomba Mungu mmoja, lakini hawakukaa benchi moja.

Sheppard aliomba atumwe Afrika. Wakubwa wa misioni ya Wapresbiteri wa Kusini walimwahirisha mara kwa mara. Hawakusema kwamba hafai. Shida yao ilikuwa kwamba hawataki kumtuma mtu mweusi peke yake, bila mzungu wa kumsimamia. Mwishowe akapatikana Samuel Lapsley, kijana wa miaka 23, mwana wa hakimu wa Alabama. Mwanzoni mwa 1890 wote wawili wakapanda meli.

Njiani wakawa marafiki wa kweli. Mwezi wa Aprili 1891 wakafika Luebo, katika Kasai, wakajenga. Chini ya mwaka mmoja baadaye Lapsley akashuka hadi nchi ya chini kwa ajili ya kazi ya misioni, akashikwa na homa, akafa Matadi mwezi wa Machi 1892. Hivyo yule ambaye wakubwa walikataa kumtuma peke yake akabaki peke yake, na kazi yote mabegani mwake. Watu wa Kongo walimwita Mundele Ndom, yaani mundele mweusi. Kwao alikuwa na nguo, bunduki na vitabu vya mundele, lakini ngozi ilikuwa kama yao.

Mayai na mji wa mfalme

Mbele ya Luebo kulikuwa na ufalme wa Bakuba. Mfalme wao, Kot aMbweeky, alikuwa amekataza watu wake kumwonyesha mgeni yeyote njia ya kufika mji wake mkuu. Atakayevunja amri hiyo atakatwa kichwa.

Sheppard alijua lugha yao, na alitumia akili. Alifika kijiji cha kwanza akasema anatafuta mayai ya kununua. Mayai ya hapo yalipokwisha, aliomba watu wake waonyeshwe soko lingine lenye mayai. Watu wa soko wakatangulia, yeye na msafara wake wakafuata. Ndivyo alivyokwenda, kijiji kwa kijiji, akila mayai mengi kuliko ambayo tumbo lilitaka, mpaka akakaribia mji wenyewe.

Hapo askari wa mfalme walimkamata pamoja na wanakijiji waliompokea. Sheppard hakukimbia. Aliwatetea wale wanakijiji, akasema kosa ni lake, wao wasiuawe. Walipomfikisha kwa mfalme, baraza lilikuwa limeshaamua jambo la ajabu: mgeni huyu anayesema lugha yao na kuzijua njia zao ni mfalme wao wa zamani aliyekufa na kurudi. Yeye alikana, hawakumwamini. Alikaa mjini miezi kadhaa, akaona nyumba zilizosukwa vizuri, mashamba, vitambaa na kazi za mbao ambazo leo zinajulikana duniani kote.

Kwa safari hiyo, mwaka 1893 alipokelewa katika Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London. Huko Ulaya aliheshimiwa. Kwao Virginia, inasimuliwa kwamba weupe walimsifu kwa sababu hata baada ya sifa zote hizo bado alikumbuka kupitia mlango wa nyuma wa nyumba zao.

Mwaka 1894 alimwoa Lucy Gantt, mwalimu na mwimbaji, akarudi naye Luebo pamoja na wamisionari wengine weusi. Kati yao alikuwamo Maria Fearing, mwanamke aliyezaliwa mtumwa mwaka 1838, aliyejifunza kusoma akiwa mtu mzima. Misioni ilimwona mzee mno, basi akauza nyumba yake akajilipia mwenyewe. Luebo aliwalea wasichana waliokombolewa utumwani. Kwa miaka hiyo, kazi kubwa ya Luebo ilibebwa na wana na wajukuu wa watumwa. Sheppard na Lucy waliwazika huku Kongo mabinti zao wawili wa kwanza, wakiwa bado wachanga.

Mikono 81

Wakati huo nchi yetu ilikuwa mali ya mtu mmoja, mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Alitaka pembe za ndovu, kisha akataka mpira. Vijiji vililazimishwa kuingia msituni kuutafuta. Walioshindwa kuleta kiasi kilichotakiwa waliadhibiwa.

Mwezi wa Septemba 1899 habari zilifika Luebo kwamba vijiji vya upande wa Pyang vinachomwa na wapiganaji wa Zappo Zap, waliotumwa kukusanya kodi kwa jina la serikali ya Leopold. Mwenzake, mchungaji mweupe William Morrison, alimwomba Sheppard aende kuona. Sheppard aliogopa. Alijua anaweza asirudi. Akaenda.

Kiongozi wa wapiganaji alimpokea kama rafiki, akamtembeza kambini bila kuficha kitu. Sheppard aliona maiti. Aliona wanawake waliofungiwa ndani ya ua. Kisha akaonyeshwa moto wa polepole, na juu yake fito, na juu ya fito mikono ya kuume ya watu, ikikaushwa ili ipelekwe kama ushahidi wa kazi iliyofanyika. Akaihesabu mmoja mmoja. Ilikuwa 81.

Naomba tusimame hapa. Mtu anapoona jambo kama hilo, anaweza kugeuza uso, kupiga kelele au kukimbia. Sheppard alihesabu, akaandika. Idadi ile ndiyo iliyofanya ripoti yake isiwe uvumi. Morrison aliisambaza, ikafika Ulaya na Marekani, ikaungana na sauti nyingine za wamisionari na waandishi. Kelele za dunia zikakua mwaka hata mwaka, mpaka mwaka 1908 Leopold akalazimika kuiachia serikali ya Ubelgiji nchi hii.

Neno moja la kichungaji. Walioshika visu siku ile walikuwa Waafrika, na aliyefaidika alikuwa ng'ambo ya bahari. Sikulitaja jina la kikundi kile ili mtu awachukie wajukuu wao. Nimelitaja kwa sababu Sheppard hakumficha aliyetumwa, wala hakumsahau aliyetuma.

Mahakamani

Mateso yalikuwa bado hayajaisha. Mwezi wa Januari 1908 Sheppard aliandika katika gazeti dogo la misioni, Kasai Herald, kuhusu hali ya Bakuba. Alieleza walivyokuwa wakiishi zamani, na jinsi sasa askari wenye silaha wa makampuni wanavyowasukuma msituni kwa ajili ya mpira huku nyumba zikibomoka na mashamba yakiota majani.

Compagnie du Kasai, iliyonunua mpira wa eneo lile, ilikasirika. Ilidai maneno yafutwe. Hayakufutwa. Basi ikamshitaki, ikidai fidia kubwa. Sheppard akasafiri kwa mashua hadi Léopoldville, Kinshasa ya leo, kusimama mbele ya hakimu, katika koloni la Wabelgiji, dhidi ya kampuni ambayo serikali yenyewe ilikuwa na hisa ndani yake.

Mungu hutumia watu tusiowategemea. Wakili aliyekuja kutoka Ubelgiji kumtetea alikuwa Emile Vandervelde, kiongozi wa chama cha kisoshalisti, mtu asiye wa kanisa. Hakudai malipo ya kazi yake. Tarehe 4 Oktoba 1909 hakimu alitamka kwamba Sheppard hana hatia, na gharama za kesi zikawa juu ya kampuni. Mtoto wa kinyozi wa Waynesboro, ambaye kwao asingekaa behewa moja na mzungu, alikuwa ameishinda kampuni kubwa mahakamani.

Neno lililofunika

Ningetaka kuishia hapo. Wengi huishia hapo.

Mwaka 1910 Sheppard na familia yake waliondoka Kongo. Makanisa yaliambiwa kwamba amerudi kwa ajili ya afya. Ni kweli kwamba homa za miaka 20 zilikuwa zimemdhoofisha, lakini hiyo haikuwa sababu yote. Alikuwa ameungama mbele ya wakubwa wake kwamba kwa miaka kadhaa alizini na wanawake wa Kongo, na kwamba alizaa mtoto wa kiume nje ya ndoa. Alisimamishwa uchungaji kwa muda, kimya kimya. Kisha akarudishwa.

Wapendwa, tusiipunguze habari hii. Yeye alikuwa mchungaji, mwenye shule, chakula na ulinzi, katika nchi ambayo watu wake waliwindwa. Wanawake wale walikuwa chini ya mkono wake. Mikono 81 ilihesabiwa, lakini wanawake hao mara nyingi husimuliwa bila hata jina. Na Lucy, aliyezika watoto wawili katika udongo huu, alirudi naye akiwa amebeba aibu ambayo hakuitenda.

Je, dhambi hii inafuta ushahidi wake? Hapana. Mikono ile ilikuwa 81 hata kama aliyeihesabu ni mwenye dhambi. Mungu alimtumia Daudi, na Nathani akatumwa kumwambia Daudi ukweli. Lakini ushahidi nao haufuti dhambi. Kanisa lililotangaza duniani dhambi ya Leopold lilifunika dhambi ya mtu wake kwa neno moja jepesi: afya.

Miaka ya Louisville

Mwaka 1912 Sheppard akawa mchungaji wa kanisa dogo la Grace, la Wapresbiteri weusi, katika mji wa Louisville, jimbo la Kentucky. Alikaa hapo mpaka mwisho. Aliwaombea wagonjwa, alifundisha watoto, alisafiri kusimulia habari za Kongo.

Nchi aliyoirudia ilikuwa imekaza zaidi kuliko ile aliyoiacha. Sheria ya Kentucky ya mwaka 1904 ilikataza watoto weusi na weupe kusoma shule moja, hata kama wenye shule wanapenda. Mwaka 1914 mji wa Louisville ulipitisha sheria ya kumkataza mtu mweusi kuhamia nyumba katika barabara ambayo wengi ni weupe. Mwandishi mmoja wa magazeti mweusi wa mji ule, William Warley, aliipeleka sheria hiyo mahakamani kwa njia ya kesi ya kiwanja, na mwaka 1917 Mahakama Kuu ikaifuta. Ulikuwa ushindi mmoja kati ya vizuizi vingi. Miaka hiyo hiyo familia nyingi nyeusi zilifunga mizigo, zikakimbia kusini na kwenda miji ya kaskazini kutafuta kazi na pumzi. Washiriki wa Sheppard walikuwa wapishi, wafuaji nguo, wapagazi, watu wa kawaida. Kati yao alihubiri miaka kama 15, bila wafalme wala mahakama.

Mwaka 1926 alipatwa na kiharusi. Akafa tarehe 25 Novemba 1927. Lucy aliendelea kuzisaidia familia maskini za mji ule. Mwaka 1942 mji wa Louisville ulifungua nyumba nyingi za bei nafuu kwa ajili ya familia nyeusi, ukaziita kwa jina la Sheppard. Lucy akafa mwaka 1955, mwaka mmoja baada ya Mahakama Kuu kusema kwamba kuwatenga watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba. Binti wa zama zilizofuata utumwa aliishi hadi kuuona mlango ukianza kufunguka.

Reli ile ile

Sasa nieleze kwa nini nimewaandikia haya.

Mwaka 1910, Sheppard alipoondoka Kongo, Wabelgiji walikuwa wakianzisha mji wetu, wakauita Elisabethville. Mwaka 1928, miezi michache baada ya kifo chake, reli ilikamilika kutoka Port-Francqui, yaani Ilebo ya leo, hadi huku Katanga. Kwa reli hiyo watu wengi wa Kasai walikuja kufanya kazi, na kati yao walikuwamo waliojifunza kusoma na kuomba katika misioni ya Luebo na matawi yake. Walileta nyimbo zao na vitabu vyao, na imani ya wengi hapa mjini imejengwa juu ya imani yao.

Mwaka 1992 na 1993, wakati wa chuki za siasa, maelfu ya familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Likasi na Kolwezi. Walilala kwenye stesheni wakingoja treni, kwa wiki, kwa miezi. Wengi walikufa, hasa watoto. Reli iliyowaleta babu zao ndiyo iliyowabeba kuwarudisha mahali ambapo wengi wao hawakuwahi kuishi.

Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Baadaye sana, nikiwa mchungaji kijana katika parokia moja, nilifungua kitabu cha washiriki cha miaka ile. Majina ya familia hizo yamekatwa kwa mstari, na pembeni limeandikwa neno moja tu: wamehama.

Wamehama. Hakuna aliyehesabu. Hakuna aliyeandika mtoto yupi alikufa stesheni, wala nani aliyesimama mlangoni akiwaambia watoke, wala kama mtu huyo naye alikuwa mshiriki wetu aliyekula meza ya Bwana Jumapili iliyotangulia. Niliposoma baadaye kwamba Sheppard alirudi kwa ajili ya afya, nililitambua neno hilo. Ni ndugu wa neno letu.

Ninyi wa mashariki mmezika wengi, na mnaendelea kuzika. Mnajua vizuri maneno mepesi ambayo wakubwa huyatumia juu ya makaburi. Ombi langu kwenu, na kwa sisi wa huku, ni dogo. Katibu wa kila kanisa aandike. Aandike jina la aliyekufa, umri, kijiji, siku, na jinsi alivyokufa. Aandike hata pale ambapo mkosaji ni mtu wa kabila letu au wa kanisa letu. Na mtumishi wa Mungu anapoanguka, hasa anapomdhulumu aliye chini yake, tusimpeleke parokia nyingine na barua ya kusema anaumwa. Nidhamu ya Kanisa ifanyike kwenye mwanga, kwa upole, na aliyedhulumiwa apewe jina na nafasi ya kusikilizwa.

Mwaka jana nilikaa na wazee wawili wa parokia ile, tukaanza kuyaandika upya majina yale, familia moja baada ya nyingine, kwa kadiri wanavyokumbuka. Mpaka leo tuna familia 14. Mzee mmoja alilia alipofika kwenye jina la mwenzake wa kwaya. Kazi haijaisha, na wanaokumbuka wanazidi kupungua.

Bwana, anayejua idadi ya nywele za vichwa vyetu, atupe moyo wa kuhesabu bila hofu, na moyo wa kukubali kuhesabiwa. Amina.